Jani la Baridi Kutoka Shimo la Mubi

Ndugu zangu wa Burungu, tangu nirudi kila mmoja ananiuliza swali lake. Wengine mnataka kujua kama kweli kule Walikale jua halifiki chini ya miti. Wengine mnauliza nilileta nini ndani ya lile sanduku refu. Na wengi, kwa sauti ya chini, mnauliza kwa nini Bauma, jirani yangu wa miaka yote, hapiti tena kwangu. Nimechoka kujibu vipande vipande baada ya misa. Naandika yote mara moja, na mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.

Mnanijua kama moniteri wa kilimo, mtu wa kuwaambia mchimbe mifereji mlimani. Lakini miezi ile kabla ya safari nilikuwa na kazi nyingine. Mzungu mmoja mzee, profesa, alifikia kituoni petu, akaniomba nimsaidie kuokota majani. Mlicheka mlipotuona tukipanda mlima na kushuka na magunia ya majani, tukiyapanga mezani na kuyahesabu. Hesabu ile ilikuwa na maana. Profesa alinionyesha kwamba penye joto, miti mingi ina majani yenye ukingo laini. Penye baridi kama kwetu, miti mingi ina majani yenye meno pembeni, kama msumeno. Penye mvua nyingi sana, jani huwa na ncha ndefu kama mkia, maji yateleze. Huwezi kujua kwa jani moja. Unahesabu aina nyingi, ndipo unajua mahali pana hali gani. Na zamani za kale majani yaliangukia matope, matope yakawa jiwe, alama ikabaki. Kwa hiyo ukipata majani ya jiwe ya kutosha, unaweza kujua kama mababu wa mababu zetu wangetetemeka ao wangetoka jasho mahali pale.

Shofere mmoja wa lori alikuwa ameleta vipande viwili vya jiwe kutoka shimo la madini karibu na Mubi. Profesa alivitazama kwa kioo chake cha kukuza siku nzima. Alitaka kwenda mwenyewe, lakini mguu wake ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii, na siku zake za kurudi Ulaya zilikuwa zimekaribia. Akanituma mimi. Alisema, "Niletee mengi. Na Anselmi, nitafutie moja zima. Moja tu lenye ncha, ukingo na kikonyo."

Burungu hadi Muheto

Tuliondoka kwa miguu, mimi na Bauma, ambaye nilimchagua kwa sababu ana bega la kubeba na mdomo usiosema sana. Sanduku seremala wa kituo alilitengeneza kwa mbao za kitanda, refu na jembamba, ili mawe yalale safu moja bila kugandamizana. Ndani tuliweka nyasi kavu na magazeti ya zamani. Halikuwa zito, lakini mvua ilitushika kabla hatujafika mbali, mbao zikanywa maji, na Bauma akaanza kubadilisha bega kila mara.

Muheto tulifika tumelowa. Hakuna aliyetufungulia. Nilisikia mtu akisema nyuma ya ukuta, "Moniteri iko nakuja," na mlango ukafungwa. Sikuwalaumu. Miaka ile mimi ndiye niliyepita na daftari kuandika mashamba yao, na baada ya daftari zilikuja amri. Tulisimama chini ya paa la ghala la mahindi mpaka mama mmoja mzee akatuita. Alitupa maharagwe yasiyo na chumvi na moto mdogo wa kukaushia nguo.

Aliona daftari langu, na majani niliyoyachuma njiani.

"Sasa unaandika majani, papa?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka ule uliandika mihogo yetu, kisha tukalimishwa kando ya barabara. Leo majani. Kesho tutalimishwa nini?"

Nikamweleza kwamba hii haina amri yoyote, kwamba tunatafuta kujua baridi ya zamani ilikuwaje. Alisikiliza mpaka mwisho. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka paani, yakiingia katika sufuria aliyoitega pale kwa makusudi.

"Baridi ya zamani," akasema. "Na hii ya leo, njo nani anaiandika?"

Bauma alicheka. Mimi nikaendelea kula.

Masisi, Nyabiondo, na mto

Kutoka Masisi tulipata lori la yule shofere aliyeleta vile vipande vya kwanza. Aliitwa Paskali, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata penye jua. Aliendesha vizuri mpaka tulipopita Nyabiondo, na hapo tukakuta daraja la magogo limechukuliwa na maji. Kulikuwa na malori mengine mawili, na watu wa miguu wengi wakingoja. Tulikaa pale siku nne.

Bauma alilishusha sanduku, akaliweka juu ya mawe mawili lisiguse tope, akalifunika kwa shuka yake. Alifanya hivyo kwa uangalifu, kama nilivyomwagiza. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mihogo alilitazama, akatua mzigo wake, akaja kupiga magoti.

"Poleni sana, baba. Alikuwa na miaka ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mwingine alikuja, kisha mwingine. Wanaume walivua kofia. Walituletea sombe ya majani ya mihogo na bugali, samaki mkavu, na ndizi za kuchoma. Nilimtazama Bauma. Alikuwa anapokea chakula kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Njaa ilikuwa kali, nami nikanyamaza. Mnisamehe hilo. Kwa siku mbili tulikula chakula cha msiba usiokuwapo, na wanawake waliimba kando yetu nyimbo za kumsindikiza mtoto.

Siku ya tatu alikuja katekista mmoja akauliza jina la marehemu, amwombee. Hapo nilishindwa. Nilifungua kifuniko nikawaonyesha nyasi na magazeti.

Yule mama wa mihogo alisimama polepole, akafuta magoti yake.

"Sanduku ya maiti, haina muntu," alisema. "Munatembeza hii barabarani munatafutia nani?"

"Ni ya kubebea mawe, mama."

"Mawe." Akachukua sahani yake iliyokuwa bado na ndizi, akaondoka nayo.

Tangu hapo hakuna aliyetusogelea. Bauma alinikasirikia mimi, si yeye mwenyewe. Alisema, "Balilia na roho safi. Ungewaacha." Daraja lilipotengenezwa tulivuka wa mwisho.

Walikale na kushuka Mubi

Kwenye msitu hewa ni kama kitambaa kilicholowa kilichowekwa usoni. Nilijua kwa kusoma kwamba tunashuka, lakini masikio na jasho yalinijulisha zaidi. Kila Paskali aliposimama kupoza injini nilichuma majani kando ya barabara. Mengi yalikuwa laini pembeni, makubwa, yenye mikia mirefu ya kumwaga maji. Nilifurahi kwa muda mfupi, kwa sababu kila alichosema Profesa nilikuwa nimekishika mkononi. Walikale tulipita bila kukaa. Bauma alianza kutetemeka kwa homa, akalala juu ya magunia ya chumvi nyuma ya lori. Alikataa dawa yangu. Alisema ni lile sanduku.

Shimo

Mubi ilikuwa maduka machache, malori, na watu wa kambi za madini wanaokuja kununua. Kutoka pale tulitembea mpaka shimoni. Kapita aliyesimamia wafanyakazi wa shimo, Alberti, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, alisoma barua ya Profesa mara mbili.

"Majani ya mawe? Ile tope nyeusi? Ilianguka."

Alitupeleka kuona. Upande mmoja wa shimo ulikuwa umebomoka wote, mlima wa udongo mwekundu umelala juu ya pale palipokuwa na tabaka jeusi. Majani machanga yalikuwa yameshaota juu yake.

"Ilianguka na muntu," alisema Alberti. "Kubuya. Njo yeye alikuwa anapenda kutafuta ile majani. Mvua ilikuwa imenyesha, nikapiga filimbi watu batoke. Wote balitoka, yeye hapana."

"Mlimtoa?"

"Na nini? Kampuni ilisema tuhamie upande mwingine."

Kwa hiyo vile vipande alivyovileta Paskali vilikuwa vya mikono ya Kubuya. Sikujua hilo nilipokuwa nikiwashika mkono wafanyakazi na kutabasamu.

Tulichokora lundo la takataka za shimo siku tano. Bauma alifanya kazi ameketi, kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Tulipata vipande vingi vya tope jeusi lililokauka, na katika vingine, alama: nusu ya jani, kipande cha mshipa, ukingo usiozidi ukucha. Niliviosha, nikavipanga juani. Nikaanza kuhesabu, kisha nikahesabu upya. Kingo nyingi zilikuwa na meno. Majani yalikuwa madogo. Hakuna mkia hata mmoja. Nilikuwa nimesimama katika msitu wa jasho, na chini ya miguu yangu kulikuwa na majani kama ya huku kwetu mlimani.

Nilimwambia Alberti. Hakushangaa, alitaka tu kujua kama nimemaliza. Nikamwambia bado nahitaji moja zima.

"Moja zima iko," alisema. "Kubuya aliipeleka kwake siku moja mbele ya kufa. Bibi yake anayo."

Kwa Mama Veronika

Nyumba yake ilikuwa nje ya kambi, kando ya migomba. Hapo nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Nilimwambia Bauma aje na sanduku.

Mama Veronika, mke wa Kubuya, alikuwa anatwanga. Alituona tunatokea njia ya shimo, wanaume wawili, mmoja amebeba sanduku refu begani. Mchi ulimponyoka. Alikuja mbio, akalishika sanduku kwa mikono yote miwili.

"Mulimupata? Mulimupata, baba? Iko humu?"

Wenzake walitoka migombani. Mmoja alishaanza kulia kwa sauti ya kuita watu. Nilisema hapana, nilisema hapana mara nyingi, lakini sauti yangu haikusikika. Bauma alilitua sanduku, akakaa chini kando yake, akaficha uso. Watu walikuwa wamejaa uani nilipofaulu kueleza kwamba mimi si mtu wa kampuni, na kwamba hatukuleta maiti.

Mama Veronika hakunitukana. Alinyoosha kitambaa chake, akarudi kuokota mchi, akaufuta vumbi. Kisha akasema, "Kaeni. Mumetoka mbali." Alitupikia uyoga na bugali wa mihogo. Ningependelea anifukuze.

Baada ya kula nilimweleza kuhusu jiwe. Aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa katika shati la kazi la mwanaume. Alifungua juu ya mapaja yake.

Ndugu zangu, nimeona majani maelfu. Lile lilikuwa kama limeanguka asubuhi ile, jeusi juu ya jiwe la kijivu, lenye kikonyo, kila mshipa, kila jino, na ncha fupi. Nililijua mara moja. Ni jani la muhanga, ao ndugu yake wa karibu, mti ule ule uliopo kwenye ua wa mama yangu hapa Burungu. Kule msituni hapana mtu aliyeujua.

"Alisema ni jani ya wapi?" nikamuuliza.

"Alisema hajaiona. Alizunguka mu pori siku nyingi anatafuta muti yake."

"Mti wake uko kwetu, mama. Masisi, juu, penye baridi. Hapa palikuwa baridi zamani, kama kwetu."

"Aliuliza kila muntu," akasema. "Ungekuja mbele ya kufa kwake."

Nikamwomba jiwe. Alilifunika kwa mkono wa shati. Alisema kaka mkubwa wa mume wake yuko mbali, kazini, na akirudi watafanya matanga. Mume hayupo wa kuzika, na mtu hawezi kuliliwa bila kuzikwa kitu. Shati peke yake ni nguo tu. Lile jiwe Kubuya alilitoa kwa mikono yake mle mle alimobaki. "Njo hii tutazika," alisema.

Nilikubali. Nawaambia kweli, siku ile nilikubali kwa moyo wote. Nikaomba tu ruhusa ya kulichora. Nilikaa uani kwake kutwa nzima na kalamu ya risasi, yeye amelishika jiwe mapajani, akiligeuza penye mwanga kila niliposema. Nilihesabu meno kila upande. Yeye aliyahesabu pamoja nami kwa kidole. Jioni ilipokaribia aliuliza kama huko kwetu muhanga una kazi gani, nikamwambia mama yangu hutoa dawa ya minyoo katika matunda yake. Alicheka kidogo. "Kubuya angefurahi kujua," alisema.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka, lori la Paskali lilikuwa linaunguruma mbele ya duka. Vipande vyetu vilikuwa vimelala katika nyasi, sanduku limefungwa kamba. Alberti alikuja anatembea haraka, filimbi inarukaruka kifuani. Alikuwa na lile shati mkononi, na ndani yake jiwe.

"Kamata. Profesa anataka moja zima."

"Mama Veronika amekupa?"

"Iko ku shamba. Kitu inatoka mu shimo ni ya kampuni. Bwana yake iko mu shimo, haiko mu jiwe."

Bauma alikuwa ameshapanda. Alishuka. Alisema maneno matatu tu: "Anselmi, rudisha hiyo."

Nyumba ya Mama Veronika haikuwa mbali. Ningeweza kwenda na kurudi. Lori lingeondoka, ndiyo, na lingine lingekuja baada ya siku kadhaa, na Profesa labda ningemkuta bado, labda nisingemkuta. Niliyafikiria hayo yote nikiwa nimesimama. Nilifikiria pia uso wa Profesa akilifungua shati. Paskali akapiga honi. Nikalichukua jiwe. Shati nilimrudishia Alberti, nikamwambia ampelekee, kana kwamba hilo lilipunguza kitu. Jiwe nililifunga katika shati langu mwenyewe, nikaliweka mapajani.

Mpaka Walikale Bauma alikaa nyuma ya lori, amenipa mgongo. Mtoni wale watu hawakuwapo tena. Bauma alikuwa bado na homa, na nilipompa maji alikunywa kwa kikombe chake mwenyewe, si changu. Masisi tulishuka, tukaanza kutembea. Alilibeba sanduku mpaka Muheto, na sasa lilikuwa zito kweli. Pale akalitua katikati ya njia.

"Kazi yangu ilikuwa kubeba mawe yako," alisema. "Ile ingine, beba mwenyewe. Na hii pia."

Akaondoka mbele yangu. Nilikaa juu ya sanduku mpaka nilipopata watu wawili wa kunisaidia.

Burungu

Profesa alilia. Aliliweka lile jani mezani chini ya kioo, pembeni akaweka jani bichi la muhanga tulilolichuma uani kwa mama yangu, na akalia kama mtoto, mguu wake umeegeshwa juu ya kiti. Alisema sasa hakuna atakayembishia: msitu wa Mubi uliwahi kuwa mlima wa baridi, au baridi ya mlima iliwahi kushuka mpaka Mubi. Alinishika bega. Alisema nina jicho zuri kuliko wanafunzi wake wote.

Nilimwambia aliyelipata anaitwa Kubuya. Aliuliza jina linaandikwaje, nikamwandikia kwenye karatasi. Nilimwambia pia kwamba alifia pale. Akasema, "Maskini." Sikumwambia jinsi jiwe lilivyonifikia. Siku chache baadaye alibebwa mpaka kwenye gari, na jiwe likaenda naye ndani ya pamba. Ile karatasi ya jina niliikuta mezani, chini ya majani makavu.

Kisha siku moja Paskali alisimamisha lori lake chini ya kituo, akaniita. Alikuwa hataki kunitazama.

"Mama Veronika ananituma. Mukubwa wa Kubuya alirudi, banataka kufanya matanga. Anajua jiwe ilienda na Mzungu. Hakusema irudi. Anauliza kitu moja tu: akikaa kumulilia Kubuya, uso wake aelekeze wapi?"

Nilimwambia apite tena akirudi. Siku zile nilikwenda kumwomba padri ramani, nikaitazama Ulaya, na nikagundua kwamba hata jina la mji wa Profesa silikumbuki. Nilifikiri kumwambia aelekee shimoni. Ni kweli, mume wake yuko kule. Lakini ilikuwa kweli ya Alberti.

Paskali aliporudi nilikuwa nimesimama barabarani namngoja.

"Mwambie si kapita aliyelichukua. Ni mimi, nililipokea kwa mkono wangu na njia ya kurudisha niliiona. Mwambie aelekee huku. Masisi, Burungu, upande wa mlima."

"Lakini jiwe haiko huku," Paskali akasema.

"Haiko," nikasema. "Mimi niko."